Okestra Haikusubiri Utajiri

Makala iliyodai kwamba kijana wa Mpanda anayetamani kuongoza okestra anajipotezea muda, eti kazi hiyo ni ya nchi tajiri kama Korea Kusini, imepindua historia. Vita vya Korea vilisimama 1953. Okestra ya Simfoni ya KBS ikaundwa 1956, nchi ikiwa bado fukara. Utajiri ulikuja baadaye. Kiongozi wa okestra Myung-whun Chung, aliyeiongoza Seoul Philharmonic hadi 2015, naye alianza kabla ya utajiri huo, kwenye piano: mwaka 1974 alishika nafasi ya pili katika mashindano ya Tchaikovsky, Moscow.

Kama Korea ni mbali, tuvuke Ziwa Tanganyika. Kinshasa, Armand Diangienda, aliyekuwa rubani, alianzisha okestra ya waumini wa Kanisa la Kimbangu mwaka 1994, wanamuziki wakipokezana fidla chache. Katika mtaa wa Korogocho, Nairobi, mradi wa Ghetto Classics unafundisha watoto muziki tangu 2008.

Turudi Mpanda: mkoa wake, Katavi, una walimu wa kwaya wanaosoma nota, wanaopanga sauti nne na kumnasa mwimbaji wa besi aliyeteleza. Huo ndio msingi wa uongozaji. Kinachopungua ni ala na wa kuzifundisha. Hilo ni suala la bajeti, vijana wasisingiziwe.