Tarehe 9 Agosti na amri za Arusha
Siku ya Kimataifa ya Watu wa Asili, inayoadhimishwa kila tarehe 9 Agosti, kwetu Kenya imekuwa siku ya ngoma, shanga na hotuba za mgeni rasmi. Sina ugomvi na ngoma, ila ni ajabu kumshangilia jukwaani Mwogiek, mmoja wa watu hao wa asili, huku akifukuzwa msituni. Mei 2017 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, iliamua kwamba Kenya imevunja haki za Waogiek kwa kuwaondoa katika Msitu wa Mau. Juni 2022 ikaagiza walipwe fidia ya zaidi ya shilingi milioni 150 na wapewe hatimiliki ya pamoja ya ardhi ya mababu zao. Novemba 2023, familia zao zikafurushwa tena. Serikali hujitetea kwamba Mau ni chemchemi ya mito, na hoja hiyo ni nzito. Lakini mahakama iliipima, ikaona kilichoharibu msitu ni uvamizi wa watu wengine, ugawaji wa ardhi na vibali vya kukata miti. Wapo pia wanaohofia kwamba kuienzi jamii moja kunachochea ukabila. Ukabila gani, ilhali wanachodai ni hukumu itekelezwe, kama ambavyo angedai mshindi wa kesi yoyote? Basi katika sherehe ijayo, kabla ya hotuba, zisomwe amri za mahakama moja baada ya nyingine: ipi imetekelezwa, ipi bado, na ni wizara gani inayoikalia.