Kidonda Kimepona, Taabu Imebaki

Tabora ina miembe mingi. Mingine asili yake ni siku za misafara, watu walipopita hapa kutoka Ujiji kwenda Bagamoyo. Embe zikiiva watu hupanda, na wengine huanguka. Warina asali nao huanguka. Siku hizi kuna pikipiki pia. Majeruhi hupelekwa hospitali ya Kitete. Kidonda kinashonwa, nywele zinaota, jamaa wanashukuru na kurudi naye nyumbani.

Hapo taabu nyingine inaanza. Mtu aliyekuwa mpole sasa ana hasira. Unamtuma maji, analeta kuni. Akilima saa moja anachoka kama aliyelima kutwa. Watu hawaoni bandeji wala mkongojo. Basi wanasema, mvivu huyo. Wengine wanasema amerogwa.

Mimi nasema si uvivu. Ubongo ndio unaotunza kumbukumbu, ndio unaozuia hasira. Nao ni laini. Kichwa kikigongwa kwa nguvu, ubongo unatikisika na kujigonga kwenye fuvu. Sehemu iliyokufa haioti tena kama ngozi. Sehemu nyingine zaweza kujifunza kazi yake, lakini polepole, kwa miezi na miaka.

Jambo hili lilionekana zamani. Mwaka 1848, huko Marekani, baruti ililipuka na mtaimbo ukapita kichwani mwa Phineas Gage, msimamizi wa kazi ya reli. Hakufa. Lakini tabia yake ilibadilika, na rafiki zake walisema si Gage waliyemjua. Waajiri wake hawakumrudishia usimamizi. Baadaye alikwenda Chile, akaendesha magari ya farasi kwa miaka kadhaa. Alifariki mwaka 1860 baada ya kushikwa na kifafa. Watu husimulia mtaimbo tu. Mimi napenda zaidi habari ya farasi. Njia ileile, kazi ileile, kila siku: hiyo aliiweza.

Kwa hiyo kikao cha ukoo kinachomnyang'anya mtu shamba kwa kuwa "hana akili tena" kinakosea. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inakataza kumbagua mtu kwa ulemavu wake. Mpeni kazi ya asubuhi, kabla hajachoka. Mwambieni jambo moja, alimalize, ndipo mumwambie la pili. Kama anajua kusoma, awe na daftari. Aandike: leo nimekunywa dawa, kesho ni zamu yangu ya kuchunga. Kama herufi zimempotea, aje darasani aanze upya. Hakuna aibu, sote tulianza na a.

Wengine hupata kifafa miezi au hata miaka baada ya kuumia. Povu lake haliambukizi. Mwondoe karibu na moto, mlaze ubavu, usimtie kijiko mdomoni. Dawa zake hunywewa kila siku, wala asiziache bila kuambiwa na daktari.

Na mkewe je? Habari zake hazisemwi sana. Analima peke yake, anapika, na usiku anatukanwa na mume ambaye asubuhi hakumbuki. Akilalamika anaambiwa avumilie. Mimi sikubali. Jirani akikaa na mgonjwa Jumamosi moja tu, mama huyo ataweza kwenda mnadani, au kwa ndugu zake, au kulala usingizi.