Baraza ya Nyumbani: Wasia wa Mali na Wasia wa Maneno



Mwezi huu twapenda kuketi nanyi barazani tuzungumze juu ya kitu ambacho kila nyumba inacho, lakini ni nyumba chache zinazokitunza. Nacho ni maneno ya babu na bibi kwa wajukuu wao. Huenda msomaji akatuuliza, "Maneno nayo ni kitu gani hata yawekewe baraza?" Basi na atusikilize mpaka mwisho, kisha ahukumu mwenyewe.

Hapa kwetu Nyamuswa, katika nchi ya Ikizu, alitujia mzee mmoja baada ya swala ya alasiri, amekongoja kwa mkongojo wake. Alisema, "Mwanangu Mwalimu, nguvu zimekwisha. Nataka uniandikie wasia wangu." Tukatoa karatasi na kalamu, akaanza kutuhesabia mali yake: ng'ombe wake, shamba la mihogo na mtama, kiwanja chenye nyumba ya bati, na deni dogo alilokuwa akidaiwa dukani. Tukayaandika yote. Kisha akasema, "Na huyu binti wa marehemu mwanangu atapata fungu la baba yake, sivyo?"

Hapo kalamu ikatusimama mkononi. Maana mzee huyu alikuwa na watoto wanaume wawili walio hai, na wa tatu alikwisha tangulia mbele ya haki, akaacha binti mdogo. Binti huyo amelelewa na babu yake tangu hajaota meno ya pili. Ndiye amchoteaye maji ya udhu, na ndiye amshikaye mkono kwenda msikitini. Nayo sheria ya mirathi yasema wazi kwamba mtoto mwanamume aliye hai humzuia mjukuu asirithi. Fungu la baba aliyekufa kabla ya babu halipo, kwa kuwa maiti hamrithi aliye hai.

Tulipomweleza, mzee alinyamaza kitambo kirefu. Akasema kwa sauti ndogo, "Basi huyu mtoto hana chake kwangu?"

Ndugu wasomaji, wangapi katika sisi wamekufa bila ya kuuliza swali hili? Na yatima wangapi wametolewa nyumbani kwa babu yao siku ya arobaini, si kwa kuwa ami zao ni wabaya, bali kwa kuwa babu alidhani kwamba mapenzi yake yanatosha kuwa hati! Mapenzi yasiyoandikwa hayana shahidi siku ya kugawa.

Dini yetu haikuuacha mlango huu umefungwa. Mtume wetu (s.a.w.) alifundisha, kama alivyopokea Ibn Umar na wakaitoa Bukhari na Muslim, ya kwamba haimfalii Mwislamu mwenye kitu cha kuusia alale masiku mawili ila wasia wake uwe umeandikwa, uko naye. Na Saad bin Abi Waqqas alipougua Makka, naye wakati ule hana wa kumrithi ila binti mmoja, alitaka kutoa theluthi mbili za mali yake. Akakatazwa. Akataka nusu, akakatazwa. Akataka theluthi, akaruhusiwa, naye akaambiwa kuwa hiyo theluthi nayo ni nyingi. Basi tangu siku hiyo mpaka wa wasia ukajulikana: usizidi theluthi, baada ya kulipwa madeni na gharama za maziko, wala asiusiwe mrithi mwenye fungu lake isipokuwa kwa ridhaa ya warithi wenzake.

Lakini mjukuu aliyezuiwa na ami zake si mrithi. Kwa hiyo babu yake anaweza kumwandikia kitu katika ile theluthi, na ami hawawezi kumpinga. Misri waliliona jambo hili zito hata wakalitungia kanuni mwaka 1946, kwamba wajukuu waliofiwa na mzazi wao wapewe sehemu katika theluthi hata kama babu hakuusia. Sisi tusingoje kanuni. Kalamu tunayo, na theluthi tunayo.

Basi tukamwandikia yule mzee, kwa theluthi yake, sehemu ya shamba na mtamba mmoja kwa mjukuu wake. Wakaitwa mashahidi, na wale wanawe wawili wakaitwa pia wasikie kwa masikio yao babu yu hai, isije ikawa fitina baada yake. Nao, Mwenyezi Mungu awalipe heri, waliridhika.

Tulipokuwa tukikunja karatasi, mzee akatuzuia. "Mwanangu Mwalimu," alisema, "umeandika shamba, umeandika na mtamba. Na maneno yangu je? Hayo hukuyaandika."

Wallahi neno hili lilituchoma. Nasi twalisema kosa letu hapa mbele yenu, huenda likamfaa mtu. Bibi yetu mzaa baba alikuwa na maneno mazuri mno. Alipokuwa akipukuchua mahindi jioni alikuwa akiyapanga kwa sauti ya kuimba, Kiikizu kikichanganyika na Kiswahili: mara amsifu mumewe marehemu, mara atuonye sisi watoto, mara amshukuru Mola wake kwa mvua. Nasi wakati ule tulikuwa tumekwisha hitimu juzuu kadhaa chuoni, na shuleni tulikwisha jua kuandika. Lakini tuliyadharau. Tulidhani elimu ni ile iliyo kitabuni tu, na ya kwamba maneno ya mwanamke mzee asiyejua kusoma hayastahili wino. Alipokufa tulirithi kinu chake. Kinu kimekwisha pasuka, na maneno hatuyakumbuki ila vipande vipande. Leo wajukuu wetu hutuuliza, "Bibi mkubwa alikuwa akisemaje?" nasi hatuna jibu.

Wala watu wa pwani, waliotutangulia katika elimu hii ya tungo, hawakufanya upuzi kama wetu. Katika mji wa Siu, kisiwani Pate, upande wa Lamu, alikuwako bibi aitwaye Mwana Kupona binti Mshamu, mkewe Bwana Mataka aliyetawala Siu. Mumewe alikufa mwaka 1856. Miaka miwili baadaye, mwaka 1858, naye mwenyewe yu mgonjwa, alimtungia binti yake Mwana Hashima utendi wa beti mia na kitu. Alimuusia dini yake, na adabu, na ukweli wa ulimi, na jinsi ya kukaa na mume na kuwatendea watu wema. Kisha akamgeukia Mola wake kumwombea yeye na watoto wake na jamaa zake. Baadaye akafariki. Tazameni: utawala wa Siu umekwisha, na waliopigana vita vyake wamekuwa mchanga, lakini maneno ya mama yule kwa mwanawe yangali yakisomwa hata leo, na mabinti wasiomjua wamekuwa kama wajukuu zake.

Na Sheikh Shaaban Robert, mtu wa Tanga, aliyezaliwa mwaka 1909 na kufariki mwaka 1962, alifanya mfano huo. Alipofiwa na mkewe Amina akabaki na watoto wasio na mama, alimtungia binti yake Utenzi wa Hati, na mwanawe mwanamume akamtungia Utenzi wa Adili. Angalieni jina hilo la Hati. Hati ni karatasi ya kumilikisha. Yeye alimmilikisha mwanawe maneno.

Asije mtu akasema kwamba haya ni mambo ya washairi tu. Qurani Tukufu yatusimulia jinsi Luqman alivyomuusia mwanawe, naye alianza kumwita kwa tamko la huba, lile la kumdekeza mtoto, kabla ya kumwonya juu ya ushirikina na kumwamuru swala. Yatusimulia pia Nabii Yaakub (a.s.) alipofikiwa na mauti. Hakuwauliza wanawe juu ya mifugo. Aliwauliza watamwabudu nani baada yake. Nao katika kujibu walimtaja Mungu wa baba zao Ibrahim na Ismail na Is-haka. Basi fikirini: Is-haka ni babu yao, na Ibrahim ni baba wa babu yao. Maneno ya babu yalikuwa yamewafikia wajukuu na vitukuu, wakayatoa bila ya kusita katika saa nzito kama ile.

Na kama mzee aona haya kumwonyesha mjukuu mapenzi, akidhani yatampunguzia heshima, basi na amtazame Mtume (s.a.w.). Aliswali amembeba Umama, binti wa Zaynab bintiye. Akisujudu humweka chini, akisimama humchukua. Na mmoja wa wajukuu wake alipompanda mgongoni naye yu katika sijida, aliirefusha sijida ile asimkatize mtoto raha yake. Al-Aqraa bin Habis alipomwona akimbusu Hasan, alistaajabu, akasema kuwa yeye ana watoto kumi wala hajapata kumbusu hata mmoja. Akajibiwa kuwa asiyehurumia naye hahurumiwi.

Sasa twarudi kwenye maneno ya mzee wetu. Tuliketi naye jioni tatu. Yeye alisema kwa maneno yake, sisi tukayapanga kwa mizani ya utenzi ili mtoto ayahifadhi kwa wepesi. Kwa idhini yake, na bila ya kutaja jina lake, twaweka hapa beti chache:

Mjukuu njoo ndani,
Keti hapa mkekani,
Tua mtungi kichwani,
Neno nitakuambia.

Mimi si mtu wa mali,
Ng'ombe zangu ni kalili,
Ila pendo langu kweli
Lote nimekuachia.

Baba yako kaondoka,
Paa likanivunjika,
Mkono ukanishika,
Nikaweza kutulia.

Swala tano usiache,
Alfajiri kusikuche,
Na ulimi usichoche
Watu wakakuchukia.

Ami zako waheshimu,
Ndugu zako wakirimu,
Kosa lao silaumu,
Undugu kuvumilia.

Siku nikizikwa chini,
Usiloe kwa huzuni,
Nisomee Yaasini,
Mola atatusikia.

Hatukutia beti hizi kwa kujisifu kwamba twajua kutunga. La, hasha! Tumezitia ili kila mzee asomaye au asomewaye aone kwamba jambo hili halihitaji malenga. Lahitaji mkeka, karatasi na saa ya utulivu.

Na kwa kuwa baraza hii ni ya kufaana, twatoa shauri kidogo. Kwanza, mzee asianze na amri. Aanze na mapenzi, kwa kuwa mtoto huyapokea maonyo kwa mtu anayejua kuwa ampenda. Pili, aseme aliyoyaona mwenyewe katika maisha yake: njaa aliyoipita, kosa alilolijutia, ndugu aliyemsaidia. Mjukuu atasikia hotuba nyingi msikitini, lakini habari za babu yake hatazipata kwa mtu mwingine. Tatu, asitie ndani ya wasia wake neno la kumsengenya mtu au la kufukua ugomvi wa zamani, maana sumu ya marehemu haina wa kuitengua. Nne, asiyejua kuandika amwite mjukuu ajuaye, na hapo watapata thawabu wote wawili. Siku hizi hata simu ya mkononi hunasa sauti. Basi isitumike kwa mchezo tu. Na tano, ampe mjukuu maneno hayo naye yu hai, asingoje kufa. Mali hungoja mauti ndipo igawanywe. Maneno hayangoji.

Nanyi wajukuu mlioko Mwanza, na Dar es Salaam, na ng'ambo, mnaokuja nyumbani sikukuu mbili kwa mwaka na vifurushi vya sukari na kanga: ahsanteni kwa sukari. Lakini mkifika, keti chini karibu na mzee, uliza, kisha nyamaza usikilize. Mjukuu aliyezuiwa katika mirathi ya mali hazuiwi na mtu katika mirathi hii. Haina theluthi, haina mrithi wa kumzuia mwenzake, na kila mmoja aweza kuichukua yote bila ya kumpunguzia ndugu yake.

Yule binti alisomewa beti zake mbele ya babu yake na ami zake. Hakusema neno. Aliikunja karatasi, akaitia ndani ya juzuu yake, kisha akaenda kumtekea babu maji, maana magharibi ilikuwa imekaribia.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awape wazee wetu umri wenye afya na mwisho mwema, awarehemu waliotangulia ambao maneno yao tuliyapoteza, na atujaalie sisi na wajukuu zetu tuwe watu wa kupendana katika utiifu wake. Amin.

Wassalaam.