Walimu Tusifundishe Wizi wa Vitabu

Majuzi mjini Migori nilimkuta mwanafunzi akirudufiwa kitabu kizima: riwaya ya Kidagaa Kimemwozea, yake marehemu Ken Walibora. Nilipomuuliza, alijibu kwamba ndivyo mwalimu wake alivyoagiza.

Nilisikitika. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 humlinda mwandishi maishani mwake na kwa miaka 50 baada ya kifo chake. Walibora alifariki Aprili 2020. Haki hiyo, basi, ni ya warithi wake hadi mwisho wa 2070.

Sikatai kwamba vitabu ni ghali na wazazi wamelemewa. Lakini dawa ni kuimarisha maktaba za shule, si kumpora mwandishi jasho lake. Tunamwadhibu mtahiniwa anayenakili kazi ya mwenzake. Sisi walimu tutajitetea vipi? Mgala muue na haki yake umpe.