Jogoo awike asiwike, kutakucha

Nembo ya chama cha Malawi Congress Party (MCP) ni jogoo mweusi, na mwito wake tangu enzi za kupigania uhuru ni "Kwacha", yaani kumekucha. Septemba 2025 kulikucha, lakini si upande wake. Katika uchaguzi mkuu wa tarehe 16 mwezi huo, Rais Lazarus Chakwera wa MCP alipata takriban asilimia 33 ya kura, huku Profesa Peter Mutharika wa Democratic Progressive Party (DPP) akipata takriban asilimia 57. Haja ya duru ya pili haikuwapo. Chakwera alikubali kushindwa tarehe 24 Septemba, siku ileile matokeo yalipotangazwa, na tarehe 4 Oktoba mpinzani wake akaapishwa Blantyre.

Mambo ya ikulu yamekwisha. Kazi iliyobaki ni ya chini, kwenye matawi, na tawi linalostahili kutazamwa na kila mfanyabiashara wa mpakani ni lile la Area 25, kaskazini mwa Lilongwe. Mtaa huo umepakana na Kanengo, eneo la viwanda na mnada wa tumbaku, na uko njiani kwa anayetoka mjini kwenda Dowa, iliko kambi ya wakimbizi ya Dzaleka. Mchele, vitenge, viatu na vyombo vya plastiki vinavyovuka Kasumulu kutoka Tanzania hufika kwenye meza za masoko kama ya mtaa huu. Karanga na soya za Malawi huondoka kwa njia hiyohiyo. Lilongwe na Dowa ni ngome za MCP tangu zamani. Kwa hiyo watakavyojipanga upya viongozi wa tawi la namna hii, na watakayemtaja kuwa mchawi wao, ni jambo linalogusa mzigo wa mtu aliyeko Mbeya, Chipata au Tete.

Tawi lililoshindwa huwa na majaribu mawili. La kwanza ni kukaa kimya: kukunja vitenge vya chama, kufunga daftari la wanachama na kusubiri miaka mitano ipite. La pili ni kutafuta wa kulaumiwa. Leo atalaumiwa mjumbe aliyeshindwa kura za maoni akasimama kama mgombea binafsi, kesho Tume ya Uchaguzi, na keshokutwa mgeni mwenye duka. Jaribu hili la pili ndilo la hatari zaidi, kwa sababu linampa mwanachama mwenye uchungu mtu wa jirani wa kumwonyesha kidole.

Ukweli hauhitaji mchawi. Juni 2020, baada ya mahakama kufuta uchaguzi wa 2019, Chakwera alishinda kwa takriban asilimia 59 akiongoza muungano wa Tonse. Miaka mitano baadaye muungano ule haukuwapo tena. Makamu wake, Saulos Chilima, alifariki katika ajali ya ndege msituni Chikangawa tarehe 10 Juni 2024, na chama chake cha UTM kikaenda zake. Lakini hata kama muungano ungedumu, bei za vitu zingekuwa palepale. Novemba 2023 kwacha ilishushwa thamani kwa mpigo mmoja, kutoka takriban 1,180 kwa dola hadi 1,700. Kwenye soko la pembeni dola iliendelea kupanda mpaka ikazidi mara mbili ya bei rasmi. Foleni za petroli zikawa sehemu ya maisha. Kimbunga Freddy cha Machi 2023 na ukame wa 2024 viliongeza njaa, na hayo hakuna serikali iliyoyaleta. Ila mama wa sokoni hapimi serikali kwa mvua peke yake. Anaipima kwa kile ambacho mtaji wa jana unaweza kununua leo.

Wafanyabiashara wa mpakani nao wana hesabu yao na serikali iliyoondoka. Machi 2025 Malawi ilizuia kuingizwa nchini kwa bidhaa kadhaa za kilimo, zikiwemo mchele, unga, tangawizi na ndizi, kwa hoja ya kulinda wazalishaji wa ndani na kuokoa fedha za kigeni. Tanzania ilijibu Aprili kwa kuzuia mazao ya kilimo kutoka Malawi. Zuio hilo la Tanzania liliondolewa baada ya siku chache, serikali zilipokubali kuzungumza, lakini siku chache ni nyingi kwa mwenye lori la ndizi lililosimama juani. Waziri wa biashara aliyesimamia zuio la Malawi, Vitumbiko Mumba, ndiye aliyekuja kuteuliwa kuwa mgombea mwenza wa Chakwera. Chama kilijivunia hatua ile kama ushahidi wa uzalendo. Matokeo ya Septemba hayaonyeshi kwamba uzalendo wa namna hiyo ulishusha bei ya mchele mezani.

Hapa ndipo tawi la Area 25 linaweza kusema jambo ambalo makao makuu huona tabu kulisema. Wanachama wake si wakulima wa tumbaku peke yao. Wengi wanaishi kwa kuuza na kununua, na wanajua kwamba bidhaa ikizuiwa mpakani haipotei: inapita usiku, kwa njia za panya, na inafika sokoni ikiwa ghali zaidi kwa sababu ya mikono iliyopakwa mafuta njiani. Waswahili wana msemo kwamba jogoo wa shamba hawiki mjini. MCP imejengwa shambani, na huko ingali na sauti. Kama inataka kuwika mjini tena, lazima ijifunze hesabu za mjini.

Kuna hesabu nyingine, ngumu zaidi, nayo ni Dzaleka. Kambi hiyo ilifunguliwa mwaka 1994 mahali palipokuwa gereza ambalo utawala wa Kamuzu Banda, yaani wa MCP ya wakati huo, ulifungia wapinzani wake. Ilipangwa kwa watu wasiozidi takriban 12,000. Leo ina zaidi ya 50,000, wengi kutoka Kongo, Burundi na Rwanda, na Kiswahili ndiyo lugha ya soko lake. Malawi ilipojiunga na mkataba wa wakimbizi wa 1951 iliweka vikwazo vyake kuhusu kazi, mali na uhuru wa kutembea, na hadi leo sheria inamtaka mkimbizi akae kambini. Kwa miaka mingi sheria hiyo ilisomwa kwa jicho moja. Watu walifungua maduka Lilongwe na mitaa yake, wakaajiri vijana wa Malawi, wakalipa kodi za pango.

Mwaka 2023 serikali ya Chakwera iliamuru wote warudi kambini ifikapo tarehe 15 Aprili. Mei polisi walianza msako. Mamia walikamatwa, watoto wakiwemo, maduka yakafungwa na bidhaa zikapotea. Wapo waliopigia makofi msako ule, wakiamini kwamba mteja wa Mrundi atahamia kwao. Mteja alihama kweli, lakini alikuta kwacha yake imepungua, na duka lililofungwa lilikuwa limeondoka na ajira, mkopo mdogo wa sukari hadi mwisho wa mwezi, na njia ya bidhaa iliyokuwa imefunguliwa kwa miaka kumi. Kama kuwafukuza wageni sokoni kungekuwa dawa ya uchumi, MCP ingeshinda Septemba kwa kishindo. Haikushinda.

Haki inataka isemwe pia kwamba sera ya kuwabana wakimbizi kambini haikuanza na MCP, na kuondoka kwa MCP hakujaifuta. Mkimbizi hapigi kura, kwa hiyo hakuna chama kinachompigania bure. Ndiyo maana tawi linalojipanga upya lina deni la kuonyesha ujasiri: kusimama mbele ya wanachama wake na kukataa wimbo wa kumlaumu mgeni. Wimbo huo ni rahisi kuuimba, na mara zote huishia kwa kuvunjwa kwa kufuli za watu.

Suala la vijana wa chama linakwenda pamoja na hilo. Malawi ina historia ndefu ya vyama kuwageuza vijana kuwa rungu. Young Pioneers wa MCP walikuwa na silaha mpaka jeshi lilipowanyang'anya Desemba 1993. UDF iliposhika nchi ikawa na Young Democrats wake, na DPP ikawa na makadeti wake. Juni 2025 watu waliobeba mapanga waliwashambulia waandamanaji mjini Lilongwe waliokuwa wakidai mageuzi katika Tume ya Uchaguzi. Katika zamu za vyama hivi, wafanyabiashara wa masoko na vituo vya mabasi wamejua maana yake: rangi ya fulana ikibadilika, anayekusanya "ushuru" usio na risiti naye hubadilika, na aliyekuwa na meza mbele hujikuta nyuma. Tawi la Area 25 lililokuwa na nguvu jana sasa linaweza kuwa ndilo linalosukumwa. Kama linataka kulindwa na sheria leo, lazima likiri pale ambapo halikuwalinda wengine lilipokuwa juu. Na DPP, iliyorudi madarakani, isimalizie uchaguzi wake sokoni. Meza ya mchuuzi si kiti cha ubunge.

Historia ya kanda inaonyesha kwamba kushindwa si kifo, ila kunaweza kuwa kifo kama chama kitataka. KANU ya Kenya ilitawala tangu 1963, ikaanguka 2002, na leo ni kivuli chake. UNIP ya Zambia, chama cha uhuru cha Kenneth Kaunda, ilishindwa 1991 na ikayeyuka. Patriotic Front, iliyopoteza Zambia Agosti 2021, iliingia katika ugomvi wa nani ni kiongozi halali, na kesi zake mahakamani zikachukua nafasi ya kazi yake ya upinzani. Anayenunua mahindi Chipata hakupata chochote katika kesi hizo.

MCP yenyewe ni mfano wa upande wa pili. Iliangushwa 1994 baada ya miaka 30, ikabaki nje ya ikulu kwa miaka 26, lakini haikufa. Iliendelea kushinda viti vya mkoa wa kati, ikabadili viongozi, na mwaka 2013 ikamchukua mchungaji ambaye hakutoka katika kundi la wazee wa Kamuzu. DPP nayo iliondoka 2020 ikiwa imechokwa, ikagombana hadharani, ikamfukuza Kondwani Nankhumwa, kisha ikarudi miaka mitano baadaye ikiwa na mgombea yuleyule. Wapiga kura wa Malawi hawaoi chama. Wanakikodisha, na kodi isipolipwa wanabadili mpangaji.

Basi tawi la mtaa lifanye nini? Lifanye kazi ambayo serikali yoyote, iwe ya nani, haipendi kufanyiwa. Lihudhurie vikao vya halmashauri ya jiji na kuuliza ushuru wa soko unaokusanywa kila siku unakwenda wapi, wakati mitaro imeziba na vyoo havina maji. Lifuatilie fedha za mfuko wa maendeleo wa jimbo. Limsukume mbunge aulize bungeni kwa nini mchuuzi mdogo anayevuka kwenda Zambia ana utaratibu rahisi wa forodha chini ya COMESA, wakati mwenzake anayevuka Songwe kwenda Tanzania, nchi iliyojitoa COMESA mwaka 2000, hana utaratibu huo, ingawa nchi zote mbili ziko SADC. Lidai kwamba zuio lolote la bidhaa litangazwe mapema, kwa muda wa kutosha mtu kumaliza mzigo alioulipia. Maswali hayo hayahitaji ikulu. Yanahitaji katibu wa tawi anayeandika kumbukumbu na mwenyekiti asiyeogopa.

Serikali mpya nayo isidhani kwamba asilimia 57 ni mkataba wa kudumu. Mwaka 2011, DPP ikiwa madarakani chini ya Bingu wa Mutharika, kaka wa rais wa sasa, nchi ilikosa mafuta na fedha za kigeni, watu wakaandamana Julai na wengine wakauawa. Mwaka 2012 Joyce Banda alishusha kwacha, na mwaka 2014 akashindwa. Chakwera alipita njia hiyohiyo. Foleni ya petroli imeangusha wengi Malawi, na haiulizi anayesubiri amevaa bluu au anafuata jogoo.

Kwa wafanyabiashara wa mpakani, ushauri ni mmoja. Wasisherehekee kuanguka kwa tawi la Area 25, hata wale waliofungiwa maduka 2023. Upinzani ukifa Lilongwe, hakutakuwa na wa kuuliza pale zuio lingine la mchele litakaposainiwa, au pale msako mwingine utakapopangwa. Wawadai viongozi wa tawi hilo majibu, wawakumbushe waliyoyafanya, na wawape nafasi ya kuyarekebisha. Jogoo awike asiwike, kutakucha. Na asubuhi soko la Area 25 litafunguliwa, nani akiwa na meza na nani akiwa hana likiwa ndilo swali la kwanza la siku.