Mutu wa mine naye aandike: hesabu ya mwaka wangu wa kaye na bateri

Mwisho wa mwaka kila kampuni inafanya hesabu yake. Wanahesabu tani za shaba, tani za kobalti, litri za mazuti, siku zilizopita bila ajali. Ni haki yao. Lakini shiye watu wa mu shimo, nani anafanya hesabu yetu? Nani anaandika masaa tuliyokesha ku shantie, feza tuliyokatwa, wenzetu walioondolewa ku kazi bila hata barua? Jibu langu ni moja: kama hatuandike shiye wenyewe, hakuna mutu atakuja kutuandikia.

Mwaka huu wote nimefanya kazi mbili kisha kazi. Ya kwanza, kila juma niliandika ukurasa moja ku telefone juu ya maisha ya mutumikaji, nikautuma kwa wenzangu wa ekipe. Wao waliupitisha kwa wengine, na mwenye hana telefone nzuri aliusoma ku karatasi, maana kijana wa fotokopi mu kartie yetu alikubali kutoa chache kwa bei ya kirafiki. Kazi ya pili, nilikuwa ninachokora vyombo: ordinatere ya zamani, bateri zilizotupwa, ampule ndogondogo. Hakuna aliyenilipa. Wengine walicheka: «Vieux, weye delege muzima, unatafuta nini mu mambo ya batoto?»

Leo ninawajibu. Si kwa kujisifu, lakini kwa sababu ninaamini kwamba ile kazi ndogo ya mangaribi inaweza kusaidia nyumba ya mutu wa mine kuliko hotuba kumi za sendika.

Kile watu waliomba kusoma

Kati ya kurasa zote nilizoandika, zile watu waliomba tena na tena si zile za siasa. Ni zile zilizoeleza fishi ya mushahara, mustari kwa mustari. Wake za wenzetu njo waliziomba zaidi, maana wao njo wanajua namna bunga inapanda bei mbele mushahara haujapanda.

Wacha niseme tena yale ya lazima, kwa faida ya mwenye hakusoma. Sheria ya kazi ya Congo, ile ya tarehe 16 Oktoba 2002, inasema juma la kazi ni masaa 45, na siku ni masaa 9. Saa inayopita hapo inaitwa saa ya nyongeza, na bei yake haiko sawa na saa ya kawaida. Masaa 6 ya kwanza ya nyongeza mu juma yanaongezwa 30 kwa mia. Yale yanayofuata, 60 kwa mia. Ukitumika siku yako ya kupumzika ya juma, ni 100 kwa mia.

Tufanye hesabu. Tuseme saa yako moja ni dola 2, na juma hili umetumika masaa 55. Umepitisha masaa 10. Masaa 6 ya kwanza ni dola 2,60 kila moja, jumla dola 15,60. Masaa 4 yaliyobaki ni dola 3,20 kila moja, jumla dola 12,80. Unapaswa kupata dola 28,40 kwa yale masaa 10. Kama wamekulipa dola 2 kwa kila saa, umepata dola 20 tu. Dola 8,40 zimepotea. Mu majuma 4 ni dola 33,60. Mama, hebu piga hesabu ni mifuko mingapi ya bunga.

Angalia pia mustari wa CNSS. Mutumikaji anakatwa 5 kwa mia, na kampuni inapaswa kuongeza yake 13 kwa mia. Ile feza njo pansio yako, na njo itakutunza ukipata ajali ya kazi. Kuona mustari ku fishi haitoshi. Uulize namba yako, uende kuuliza kama ile feza imefika kweli. Na usome mapatano ya kampuni yenu, maana yanaweza kukupa zaidi ya sheria. Kukupa chini ya sheria, hapana.

Kisha miezi michache niliona kwamba wazee wengi wa ekipe hawasomi muzuri. Kwa hiyo nikaanza kusoma kila ukurasa kwa sauti na kuutuma vile. Sasa wanausikiliza mu bisi, asubui mapema, watu wanne ku telefone moja.

Kaye 14 ku meza

Kutoka mu zile kurasa kukazaliwa chombo cha kwanza: karatasi ya hesabu ku telefone. Unaingiza saa uliyoanza na saa uliyomaliza, yenyewe inatoa masaa ya nyongeza. Inaonekana kama kitu rahisi, lakini jaribu zamu ya usiku. Umeingia saa 18, umetoka saa 6 ya asubui. Telefone inafanya 6 toa 18, inakujibu kwamba umetumika masaa 12 chini ya sifuri! Inafaa uiambie: kama saa ya kutoka ni ndogo kuliko ya kuingia, ongeza 24. Ile sharti moja ndogo njo moyo wa karatasi yote, na mutoto yeyote wa sekondari anaweza kuiandika.

Lakini telefone inaibiwa, inaanguka mu maji. Kwa hiyo kila mara nilisema: kwanza kaye, kisha telefone.

Katikati ya mwaka, ekipe moja ya kampuni ndogo ya sous-traitance, sitataja jina lake, iliona mushahara umepunguka. Patron akasema mashini ya kupointa njo inasema kweli, hakuna mazungumzo. Watumikaji 14 walikuwa na kaye zao za miezi 3. Tukaingia mu biro, tukaziweka zote 14 ku meza. Kaye moja, mutu anaweza kusema ni uongo. Kaye 14, zilizoandikwa na mikono 14, zenye kusema saa ile ile ya bisi kufika na saa ile ile ya kutoka, ni nguvu kuzikatala. Walilipwa miezi 2. Mwezi wa tatu tungali tunaudai, na hatutauacha.

Sasa musikilize upande mwingine. Mu ekipe ile ile kulikuwa wale hawakuandika kitu. Walitumika masaa yale yale, walikula vumbi ile ile. Wakaambiwa: «Leteni alama.» Hawakuwa nayo. Mumoja wao ni baba wa watoto 5. Mwanzo wa masomo, mutoto wake wa tatu alirudishwa nyumbani juu ya minerval. Ile minerval ilikuwa ndani ya masaa baba yake alitumika, lakini masaa hayakuandikwa fasi yoyote. Siandiki hii kwa kumuhukumu yule kaka. Ninaandika kwa kuwa mwaka unaokuja ninataka jina lake likuwe ku ile meza.

Taa kutoka ku takataka

Kazi nyingine iliyonipa furaha ni bateri. Bateri ya ordinatere ya kubeba ikikufa, watu wanaitupa. Ukiifungua, mara nyingi unakuta vipande 6 vya muviringo, vinafanana na bateri ya torshi lakini vikubwa kidogo: milimita 18 kwa upana na 65 kwa urefu, njo maana vinaitwa 18650. Kila kimoja kina karibu volti 3,7, na kikijaa kabisa kinafika 4,2. Mara nyingi vimekufa kimoja ao viwili tu, na vingine vingali na nguvu. Nilivipima kimoja kimoja, nikatenga vibaya, nikaunganisha vizuri na kadi ndogo ya kulinda, pano ndogo ya jua na ampule za LED. Taa tatu sasa zinawaka kwetu wakati umeme unakatika, na watoto wanasoma.

Wenzangu, musikimbilie bila kujifunza. Kile kipande ukikitoboa, ukikipiga na nyundo, ao ukikichaji kupita 4,2, kinaweza kuwaka moto ambao maji kidogo hayatauzima. Usikiunganishe bila kadi ya kulinda. Usikichaji ukiwa umelala. Na watoto wasiguse kabisa. Mu kartie zetu ninaona watoto wanapasua bateri kwa jiwe juu ya kutafuta chuma cha kuuza. Wazazi, muwakataze leo, si kesho.

Mangaribi ya kwanza taa iliwaka, mama wa nyumba aliniuliza: «Baba ya batoto, njo kusema hii kobalti yenu inawaka mu nyumba pia?» Swali lile lingali linanifuata. Mu bateri nyingi za ordinatere mna unga mweusi wa kobalti na lithiamu, na mu ule unga kobalti peke yake ni karibu 60 kwa mia ya uzito. Congo yetu inatoa zaidi ya nusu ya kobalti yote ya dunia. Inatoka chini ya miguu yetu, inavuka bahari, inarudi ndani ya telefone ya bei kali, na mwishowe inatupwa mu mufereji wa kartie yetu. Na mutu aliyeichimba anakula bukari mu mwanga wa bougie.

Mu mwaka 2022 Congo na Zambia walitia sahihi mapatano ya kutengeneza bateri kwetu hapa. Ni muzuri. Lakini nani atatumika mu ile kiwanda? Kama mutoto wa mutu wa mine hajawahi kushika kipande kimoja, hajui volti ni nini, watamupa ufagio. Kuchokora vyombo nyumbani ni masomo ya kwanza, na hakuna minerval.

Wazee wetu waliandika

Wengine wanasema kuandika ni kazi ya wasomi. Wanasahau historia yetu. Mu Desemba 1941, mu Elisabethville, watumikaji wa Union Minière walisimamisha kazi juu ya mushahara, na askari wakapiga watu risasi. Mu waliokufa kulikuwa Léonard Mpoyi, karani aliyesema kwa jina la wenzake. Mpaka leo hesabu ya waliokufa inabishaniwa: serkali ya wakoloni iliandika namba yake, wakaaji wanasimulia ingine kubwa zaidi. Mwenye kushika kalamu njo alishika hesabu.

Na mu mwaka 1965, wale waliokuwa maboyi mu nyumba za wazungu walitoa kitabu kidogo cha historia ya muji wa Elisabethville, kilichoandikwa na André Yav, mu Kiswahili chetu hiki cha kila siku. Hawakungojea profesere. Kama boyi aliweza mu 1965, weye mwenye telefone mu mufuko unangojea nini?

Najua mutaniambia: tunarudi tumechoka. Ni kweli. Lakini mustari moja unachukua dakika moja. Mutaniambia pia: patron akiona, atanifukuza. Kwa hiyo tuandike wote, maana mutu mumoja mwenye kaye ni rahisi kumuondoa, shantie nzima mwenye kaye haiondolewe. Na usikawie kudai: haki ya kudai mushahara ina muda wake, muda ukipita hata muamuzi hawezi kukusaidia.

Mwaka unaokuja ninaomba mambo manne. Kila mutumikaji akuwe na kaye, aandike tarehe, saa ya kuingia, saa ya kutoka na jina la kapita wa siku. Kila fishi ya mushahara ipigwe picha na ihifazwe nyumbani kwa mama, si mu telefone tu. Kila ekipe ichague kijana mumoja wa kujua ile karatasi ya hesabu na kuifundisha wengine. Na sendika zetu zifungue biro yao siku ya posho kwa watoto wetu, na meza, na chombo cha kupima volti, na mutu wa kuonyesha.

Kwa makampuni ninaomba kitu kimoja tu: fishi yenye kueleweka, na Kiswahili chini ya Kifaransa. Mwenye kulipa sawasawa hana sababu ya kuogopa kaye ya franka kidogo.