Runinga ya HD Kigoma: Mnunuzi atazame pia king'amuzi

MVUVI wa dagaa wa Ujiji anayedunduliza fedha hadi kununua runinga yenye nembo ya HD hudhani amenunua na picha ang'avu. Sivyo.

Tangu Tanzania ilipoanza kuzima mitambo ya analojia, jijini Dar es Salaam, Desemba 31, 2012, wengi wameamini dijitali ndiyo HD. Picha ya dijitali ya kawaida ina nukta 720 kwa 576. HD kamili ina 1920 kwa 1080, mara tano zaidi. King'amuzi kilichounganishwa kwa waya wa njano, nyekundu na nyeupe hakiifikishi HD kwenye kioo. Unahitajika waya wa HDMI, na chaneli yenyewe irushwe kwa HD.

Na wale wachezaji walionenepeana kwenye vibanda vya mpira? Ni picha ya 4:3 iliyovutwa ijaze kioo cha 16:9. Hilo halina gharama. Hurekebishwa kwa rimoti.